Mjane Ni Mke wa Nani?

Maandiko ya kusoma: Ruthu 1:6–18, Ruthu 4:1–12, 1 Wakorintho 7:39

Jumapili iliyopita nilisema pale mbele kwamba nina deni la kuomba msamaha, na baada ya ibada wengi mkanifuata mkiuliza ni deni gani. Muda ulikuwa umekwisha, nikaahidi kuandika. Dada anayehusika amenipa ruhusa nieleze. Mambo machache nimeyabadilisha. Wale mtakaomtambua, naomba tusimfanye hadithi ya sokoni.

Dada huyu ni mjane. Mume wake alikuwa utingo wa lori kwenye hii barabara yetu ya Mombasa, akafa ajalini, akamwacha na watoto wawili na ekari mbili zenye michungwa. Mwaka jana alikuja ofisini akaniambia kuna ndugu aliyeokoka, naye amefiwa na mke, anatoka upande wa Makindu, na anataka kumwoa. Alikuwa na swali moja tu. "Pasta, kanisa litatufungisha ndoa?"

Jibu nililijua. Paulo anasema wazi kwamba mke amefungwa kwa mume wakati wote mume yu hai, na mume akifa, mke yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Hapo hakuna fumbo. Lakini kabla sijafungua mdomo nikawaza familia ya marehemu. Wanajaza benchi mbili hapa kanisani. Baba mkwe wake ndiye aliyetoa mabati ya jikoni letu. Mimi nilisomea biashara, na wacha niseme ukweli, hesabu huja kichwani mwangu haraka kuliko Maandiko. Nikapiga hesabu tukikosana na mzee huyu tutapoteza nini kwa mwezi. Nikamwambia dada, "Hebu tuliombee jambo hili, usiwe na haraka."

Akaenda. Akangoja miezi saba. Wapendwa, mimi sikuwa naomba. Nilikuwa nangoja achoke.

Alipoona kimya changu, alienda mwenyewe kwa mzee, kwa heshima, akapiga magoti na kueleza. Mzee akamjibu: "Wewe ulitolewa mbuzi. Wewe ni mke wa hapa." Maneno hayo ndiyo nataka tuyafikirie wiki hii, kwa sababu si ya mzee mmoja. Wengi wetu tunayaamini, hata kama tumeokoka miaka ishirini.

Mbuzi wa ntheo walifanya kazi gani?

Sisi Wakamba tunajua kwamba bila ntheo hakuna ndoa. Mtu anaweza kukaa na mwanamke miaka kumi, wazae, wajenge, lakini kama mbuzi wa ntheo hawakufika kwao, wazee watasema huyo bado ni binti ya babake. Mara ngapi tumeona msiba ukisimama kwa sababu hiyo, watu wakibishana marehemu azikwe wapi? Kwa mila yetu ndoa ni ya nyumba mbili. Kijana na msichana ni mlango tu ambao nyumba hizo zinapitia kukutana. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake mzaa baba, ili mzee ajue hatazimika. Na mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume aliweza kuleta msichana nyumbani awe iweto, azae watoto kwa jina la nyumba hiyo. Hata mjane, zamani, alibaki katika nyumba ile ile, na ndugu wa marehemu akamchukua.

Tusiwacheke wazee wetu. Hapakuwa na bima wala pensheni. Mwanamke asiye na ukoo hakuwa na mahali pa kulima, na huku kwetu mvua ikikataa misimu miwili mfululizo, kukosa ukoo ni kukosa chakula. Na Torati yenyewe, Kumbukumbu la Torati 25, inaagiza ndugu wa marehemu amchukue mjane ili jina la nduguye lisifutwe. Kwa hiyo ulikuwa ulinzi.

Lakini sikiliza vizuri neno la mzee: "Ulitolewa mbuzi." Hapo ulinzi umegeuka kuwa umiliki. Katika biashara tunafundishwa kutofautisha kitu ulichonunua na kitu ulichokabidhiwa. Ukinunua, kitu ni chako, hata ukikitupa. Ukikabidhiwa, wewe ndiwe mwenye deni, na siku moja utaulizwa kilikuwaje mikononi mwako. Sasa siku mbuzi walipopelekwa kwa kina dada huyu, ni nani aliyetoa ahadi? Ni familia ya mume. Walisimama mbele ya wazee wakasema, huyu binti tutamtunza. Mbuzi wale walikuwa mashahidi wa ahadi hiyo. Ndiyo, walimfunga na yeye pia, lakini walimfunga kwa mume, na mume amelala kaburini. Leo mashahidi wale wakiitwa, wangemuuliza nani swali kwanza, mjane au mzee?

Kanisa liliwahi kufika mahali kama hapa

Katika ile miezi saba nilianza kutafuta kama kanisa la Afrika Mashariki limewahi kuulizwa swali hili mbele ya watu wakubwa. Kumbe liliulizwa, tena katika nyumba ya kifalme, huko Buganda.

Kabaka Daudi Chwa alifariki Novemba 1939. Mke wake wa ndoa ya kanisani aliitwa Irene Drusilla Namaganda, binti wa mchungaji wa Kianglikana, Yonasani Kaizi. Walioana mwaka wa 1914. Kabaka alipofariki, mtoto wao Edward Mutesa alichaguliwa kuwa Kabaka akiwa na miaka 15 tu, na mama yake akawa Namasole, yaani mama wa mfalme.

Ili tuelewe uzito wake, lazima tujue ndoa za kifalme kule zilifanya kazi gani. Waganda wa kawaida hufuata ukoo wa baba, kama sisi. Lakini kwa desturi yao ya zamani watoto wa mfalme walihesabiwa upande wa mama. Maana yake ni kwamba ukoo wowote ukipeleka binti ikulu, siku moja mjukuu wao anaweza kuketi kwenye kiti. Kwa njia hiyo koo nyingi zilifungwa pamoja na kiti kimoja, na hakuna ukoo mmoja uliosema ufalme ni wetu peke yetu. Namasole naye hakuwa mama tu wa kupikiwa chai. Alikuwa na boma lake, ardhi yake na machifu wake, na desturi ilitaka akae kilima kingine, ng'ambo ya maji yanayotiririka, kwa sababu wakuu wawili hawakai kilima kimoja. Na desturi ilisema haolewi tena.

Mwaka wa 1941 Namasole Irene akataka kuolewa na Peter Kigozi, mtu wa kawaida asiye wa nasaba kubwa. Nchi ilitikisika. Askofu Stuart wa Kianglikana akaruhusu ndoa ya kanisani, kwa sababu hakuona katika Maandiko mahali pa kumzuia mjane. Waziri mkuu wa Buganda, Katikiro Martin Luther Nsibirwa, naye akakubali. Watu wakakasirika sana. Nsibirwa akalazimika kuacha kazi mwaka ule ule, na Irene akapoteza cheo cha Namasole.

Niliposoma habari hiyo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, wale waliopinga hawakuwa wajinga. Kabaka alikuwa kijana mdogo, nchi iko chini ya wakoloni, na cheo cha mama wa mfalme kilikuwa moja ya nguzo chache walizobaki nazo. Waliogopa nguzo itang'oka. La pili, angalia nani aliyepewa mzigo wa kuishikilia hiyo nguzo. Mzigo wote uliwekwa kwa mwanamke mmoja aliyefiwa. Daudi Chwa angefiwa yeye na mkewe, je, nchi ingemwambia akae peke yake mpaka kufa? Sidhani. Kila mara desturi inapodai sadaka, tuulize: mbona anayetolewa ni yule yule?

Na askofu alipolipa gharama ya jibu lake, sikuona mahali alipomwambia mjane, "tuliombee, usiwe na haraka." Hapo Roho aligusa moyo wangu, nikanyamaza.

Mila hukumbukwa siku gani?

Kuna jambo lingine. Katika kikao kimoja ndugu wa marehemu mmoja alisema, "Sisi tunafuata mila." Nikamuuliza kwa upole, wakati wa karo ya shule ya hawa watoto mila ilikuwa wapi? Katika miaka minne hakuna hata mmoja wao aliyelipa muhula mmoja. Mila ilikumbukwa siku michungwa ilipotajwa.

Hili si la Wakamba peke yao. Zamani huko Ufaransa, wafalme na watu wa nasaba walioana ili kuunganisha ardhi. Kanisa la wakati huo lilikataza ndoa za ndugu hadi kizazi cha saba, nia ikiwa nzuri. Lakini matajiri walikuwa wote ni ndugu kwa ndugu, kwa hiyo kila mtu aliolewa na ndugu, na ile sheria ikalala mpaka ihitajike. Mfalme Louis wa 7 alimwoa Eleanor, mrithi wa jimbo kubwa la Aquitaine, mwaka wa 1137. Miaka 15 ikapita, wakapata mabinti wawili na hawakupata mwana wa kiume. Mwaka wa 1152 maaskofu wakatangaza ndoa si halali kwa sababu hao wawili ni ndugu. Ati undugu uligunduliwa baada ya miaka 15! Wiki chache tu baadaye Eleanor akaolewa na Henry, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, ambaye naye alikuwa ndugu yake wa karibu vile vile. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka wa 1215 mkutano mkuu wa kanisa kule Roma ukapunguza katazo hadi kizazi cha nne, kwa sababu sheria pana namna ile ilikuwa imegeuka kuwa mlango wa kutokea.

Kwa hiyo mtu akikuambia "ni mila" au hata "ni Neno", mwangalie pia ni siku gani amelikumbuka. Mila nzuri hukumbukwa hata siku inapokugharimu wewe mwenyewe.

Naomi alifungua mkono

Sasa turudi kwa Ruthu. Naomi alikuwa amefiwa na mume na wana wawili. Alikuwa na kila sababu ya kuwashika wakwe zake. Angeweza kusema, ninyi ni wake wa wanangu, mtazeeka nami. Badala yake, njiani, anawaambia kila mmoja arudi kwa mama yake, na anamwomba Bwana awape raha, kila mmoja katika nyumba ya mume mwingine. Soma tena hapo polepole. Mama mkwe anawaombea wake wa wanawe waliokufa wapate waume wengine. Anabariki kwa kinywa chake jambo ambalo litamwacha mikono mitupu.

Orpa akarudi, na Biblia haimlaumu popote. Ruthu akabaki. Lakini alibaki baada ya kufunguliwa, si kabla. Ndiyo maana kubaki kwake kuna utamu mpaka leo. Naomi angemfungia mlango, tusingejua kama ni upendo au ni kukosa pa kwenda.

Kisha sura ya nne, pale langoni. Kuna jamaa wa karibu kuliko Boazi. Akisikia kuna shamba, anasema nitalikomboa. Akisikia shamba linakuja na mjane, anaghairi, anaogopa ataharibu urithi wake. Jamaa huyu hakuandikwa jina. Boazi aliyemtaka mjane na kulitunza jina la marehemu ndiye aliyeingia katika ukoo wa Daudi, na wa Bwana wetu Yesu.

Nilirudi kwa mzee

Baada ya kuyasoma haya nilienda kwanza kwa dada, nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilimdanganya kwa kutumia neno la maombi. Alilia, nami nikalia.

Kisha nikaenda kwa mzee, bila wazee wa kanisa, bila Biblia mkononi. Tulikaa chini ya mwembe wake. Nikamuuliza, "Baba, wacha mbuzi. Unaogopa nini hasa?" Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Pasta, yule mvulana ana jina langu. Akienda kulelewa na mtu mwingine, mwanangu atakuwa amekufa mara mbili."

Wapendwa, nilikuwa nimekwenda kupigana na mtu mwenye tamaa ya shamba, nikakuta baba aliyefiwa. Wengine katika familia wana macho kwenye michungwa, sikatai. Lakini mzee alikuwa analilia mtoto wake, na kwa miaka minne sisi kanisa tulimpa pole siku ya mazishi tu, tukaendelea kupokea mabati yake.

Tuliongea mpaka jua likatua. Yako mambo ambayo familia ina haki ya kuyaomba, na nikamwambia nitasimama naye katika hayo. Ana haki ya kuomba watoto waendelee kuitwa kwa jina la baba yao. Ana haki ya kuwaona wajukuu wakati wa likizo, na kujua huyo bwana mpya ni mtu wa namna gani. Ana haki ya kuomba shamba la mwanawe liwe la watoto wa mwanawe.

Na hapo sheria haiko mbali naye. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, iliandikwa hivi katika kifungu cha 35: mjane mwenye watoto anaitumia mali ile maisha yake yote, lakini akiolewa tena haki hiyo inakoma. Mume aliyefiwa hakuandikiwa sharti kama hilo, na kifungu hiki kimepingwa mahakamani kwa msingi wa Katiba ya 2010. Kwa hiyo mjane yeyote aliye katika hali hii amwone wakili kabla ya harusi. Lakini angalieni: hata kwa maandishi yale ya zamani, mali inakwenda kwa watoto wa marehemu. Haiendi kwa shemeji. Dada mwenyewe alishasema hataki hata mti mmoja wa machungwa. Anataka yaandikwe ya watoto.

Lakini kuna jambo moja ambalo familia haina haki nalo, nalo ni kumzuia. Katiba, kifungu cha 45, inasema ndoa ni ya hiari ya wanaooana. Neno linasema yuko huru katika Bwana. Mzee akaniuliza, "Na nikikataa?" Nikamwambia, "Baba, nitaumia, na nitarudi tena hapa chini ya mwembe. Lakini tutawafungisha." Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mchungaji wetu mkuu anajua, na amekubali.

Vijana, msinielewe vibaya

Najua kuna kijana anasoma hapa akisema, "Nilijua! Ndoa ni ya wawili, wazazi wakae kando." Hapana, mpendwa. Wewe unayesema ni ya wawili, siku mtakapogombana utampigia nani simu saa sita usiku? Mtoto akilazwa, atakayekuja na uji kwenye chupa ya chai ni nani? Ntheo ni jambo jema, lipeleke, tena mapema. Hata Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema panapohitajika mahari ili kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo ya kuonyesha nia inatosha, kwa hiyo umaskini si kisingizio. Familia ni zawadi ya Mungu. Ninachokataa ni kwamba mtu anaweza kuwa mali ya familia.

Harusi bado haijafika. Mzee hajasema ndiyo, na hajasema hapana. Jumapili iliyopita hakukaa kwenye benchi lake la mbele. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na yule mjukuu mwenye jina lake alikuwa amelala kwenye mapaja yake. Tumwombee. Safari hii nasema tuombe, na ninamaanisha kuomba.

Tuombe. Baba, tusamehe tulipoita umiliki ulinzi, na tulipoita woga maombi. Wafariji waliofiwa na wana wao. Wape wajane wetu uhuru uliowapa Wewe, na utupe sisi mikono iliyo wazi kama ya Naomi. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
1. Katika nyumba yetu kuna mjane? Mara ya mwisho tulimuuliza anahitaji nini ilikuwa lini?
2. Ni mila gani tunayoikumbuka tu siku inapotufaidi?
3. Umewahi kumwambia mtu "tuliombee" wakati jibu ulikuwa nalo?